Maua Yasubiri Nini?

Katika miji midogo ya Tanzania, mtu akisimama kwenye mkutano wa mtaa akapendekeza wakazi wajitolee kupanda maua kwenye kipilefti, mbele ya soko na ukingoni mwa stendi, jibu atakalopewa linajulikana kabla hajaketi. Maji yanatoka kwa mgawo, zahanati imeishiwa dawa, watoto wanabanana darasani, vijana hawana kazi, na yeye analeta habari za maua. Maua hayaliwi. Akishikilia wazo lake ataongezewa la pili: kupendezesha mji ni kazi ya halmashauri, kwa kuwa ndiyo inayokusanya ushuru. Mwenyekiti atamshukuru, kisha mkutano utarudi kwenye mambo yanayohesabiwa kuwa ya maana. Wanaojibu hivyo si watu wabaya wala si wajinga. Wengi wao ndio wanaoubeba mji mabegani: mabalozi, walimu, akina mama wa vikoba, wazee wa misikiti na makanisa. Wana haki ya kuogopa kupotezewa muda. Lakini hoja yao, ambayo imerudiwa mpaka inaonekana haihitaji ushahidi, imejengwa juu ya dhana mbili zisizo za kweli. Ya kwanza ni kwamba uzuri wa mahali pa wote huja mwisho, mambo mengine yakishatimia. Ya pili ni kwamba anayeutanguliza anamnyang'anya mgonjwa au mwanafunzi haki yake. Mimi nashikilia kwamba mji mdogo na maskini ndio wenye sababu kubwa ya kuanza mapema, na kwamba mikono inayofaa kuanza ni ya wakazi wenyewe, mradi kazi hiyo ifungwe kwa masharti ambayo nitayafikia.

Tuanze na hilo la kwamba maua ni ya waliokwisha kuendelea. Mwaka 1958 Ireland ilianzisha mashindano ya miji nadhifu, ambayo mpaka leo hufanyika kila mwaka na kutegemea kamati za wakazi wanaojitolea. Ireland ya wakati huo ilikuwa nchi ya wakulima wadogo iliyokimbiwa na vijana wake. Katika miaka ya 1950 peke yake watu wapatao 400,000 waliihama, nayo ilikuwa nchi isiyofikisha watu milioni tatu. Ziko sehemu ambazo kijana aliyemaliza shule alikuwa na safari moja tu mbele yake, nayo ni ya meli kwenda Uingereza. Kama ipo nchi ya Ulaya Magharibi iliyokuwa na kila sababu ya kusema maua yasubiri, ni hiyo. Miji 52 ilijiandikisha mwaka wa kwanza, na mshindi akawa Glenties, mji mdogo wa kaunti ya Donegal, upande wa kaskazini magharibi ambao haukuwa na viwanda wala utajiri wa kujivunia. Mwaka 1959 Ufaransa nayo ikaanza mashindano yake ya miji na vijiji vyenye maua, na kutoka huko wazo likavuka hadi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sidai kwamba maua ndiyo yaliyoitajirisha Ireland. Utajiri wake ulikuja miaka mingi baadaye, kwa elimu, kwa uwekezaji na kwa soko la Ulaya. Ninachodai ni kidogo kuliko hapo: kule tunakopatolea mfano wa nchi zilizotajirika kwanza ndipo zikapanda maua, mambo hayakwenda kwa mpangilio huo. Watu walipanda wakiwa bado wanafungasha virago. Serikali yao ilitaka watalii, na hilo halikufichwa, lakini kamati za miji zilipata jambo ambalo bodi ya utalii haikuliwekea bajeti, yaani shughuli ya kila wiki inayowakutanisha mwenye duka, padri, mwalimu na kijana asiye na kazi juu ya ardhi isiyokuwa ya mmoja wao.

Ushahidi mzito zaidi unatoka katika mitaa ya watu maskini ya Philadelphia, Marekani. Jiji hilo lilikuwa na maelfu ya viwanja vilivyotelekezwa, vimejaa magugu, matairi na takataka. Watafiti, miongoni mwao Charles Branas na Eugenia South, walichukua viwanja 541 wakavigawa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu, kwa utaratibu uleule wa kupimia dawa mpya. Fungu la kwanza liliondolewa taka, likasawazishwa, likapandwa nyasi na miti michache, likazungushiwa uzio mfupi wa mbao na kutunzwa mfululizo. Fungu la pili lilisafishwa tu, tena mara kwa mara. Fungu la tatu liliachwa kama lilivyokutwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika mitaa iliyo chini ya mstari wa umaskini, matukio ya kutumia bunduki yalipungua kwa asilimia 29 kuzunguka viwanja vilivyoshughulikiwa. Miongoni mwa wakazi waliohojiwa kabla na baada, wanaosema wamezidiwa na sonona walipungua kwa zaidi ya asilimia 41 pale palipopandwa, na katika mitaa maskini upungufu huo ulipita theluthi mbili. Lakini linalotuhusu zaidi ni fungu la pili. Pale palipofagiliwa bila kupandwa chochote, hali ya akili ya wakazi haikubadilika kiasi cha kupimika. Najua Philadelphia ni jiji kubwa la nchi tajiri, kwamba wafanyakazi wa pale walilipwa, na kwamba kilichopandwa kilikuwa nyasi na miti. Siwezi kuchukua asilimia zile nikazibandika Muheza au Korogwe. Hata hivyo ule ulinganisho wa kusafisha na kupanda unatuhusu kabisa, kwa sababu sisi tumewekeza karibu nguvu zetu zote katika kusafisha. Tangu sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi, na baadaye kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo, tumefagia, tumezoa na tumechoma. Jumatatu taka hurudi palepale zilipokuwa. Mahali palipofagiliwa hapamwambii anayepita kama pana mtu anayepajali au hapana, ila kwamba taka bado hazijafika. Palipopandwa na kumwagiliwa hubaki na alama ya mkono wa mtu, na mtu mwenye ganda la muwa mkononi huiona alama hiyo bila kusomewa sheria ndogo.

Sasa turudi kwenye zahanati isiyo na dawa, maana hapo ndipo wapinzani wa maua wanapojiona wameshinda. Hesabu yao hudhani kwamba kuna fungu moja, na kila senti inayokwenda kwenye ua inatoka kwenye kidonge. Kwa mradi wa kandarasi, ambapo halmashauri inamlipa mtu mamilioni ili apande nyasi kutoka nje mbele ya ofisi ya mkurugenzi, wanasema kweli, na nitaungana nao kuupinga. Kwa mpango wa kujitolea hesabu ni nyingine. Bogainvilia huota kwa kipandikizi kilichokatwa kwenye ua wa jirani. Samadi hupatikana kwa mfugaji anayetafuta pa kuitupa. Saa mbili za Jumamosi asubuhi za mama anayependa bustani hazihamishiki kwenda Bohari ya Dawa. Asipozitumia kwenye kipilefti hazitageuka kuwa bomba la sindano. Tena wapo waliopima uhusiano wa mgonjwa na anachokiona. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliolazwa kwenye vyumba ambavyo madirisha yake yaliangalia miti waliruhusiwa mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko walioangalia ukuta wa matofali. Ulikuwa utafiti mdogo na hautoshi kuendeshea wizara. Unatosha kumzuia mtu asiseme kwa uhakika kwamba mti wa maua mbele ya wodi haumsaidii mgonjwa lolote.

Lakini kabla ya tafiti zote hizo, watu wetu maskini wenyewe wamekwisha kutoa jibu. Ingia mtaa wowote wa nyumba za matofali ya kuchoma. Utakuta kopo la rangi, ndoo iliyotoboka, sufuria isiyo na kitako, vyote vimepandwa maua barazani. Hapo hakuna aliyesubiri bomba lifike. Mwenye nyumba anachota maji kwa taabu, na bado anatenga kata moja kwa ajili ya ua lake. Kwa hiyo anayesema wananchi wenye shida hawana nafasi ya maua anazungumzia wananchi asiowatazama. Maua yanapokosekana, yanakosekana kuanzia pale baraza inapoishia: ukingo wa mtaro, uwanja wa stendi, nyuma ya soko, mbele ya mahakama ya mwanzo. Huko ni kwa wote, na kwa desturi tuliyoizoea kilicho cha wote huachwa kama kwamba hakina mwenyewe. Mtu huyohuyo anayefagia uwanja wake alfajiri ndiye anayemwaga taka ng'ambo ya barabara. Ugonjwa wa miji yetu midogo uko hapo, katika uhusiano wetu na ile ardhi ya katikati ya nyumba na nyumba. Hauponi kwa faini peke yake, ingawa Moshi, mji unaosifiwa kwa usafi kuliko mingine nchini, umeonyesha kwamba sheria ndogo zinazosimamiwa kwa dhati zina kazi yake. Mtu huacha kutupa taka mahali anapopahesabu kuwa pake, na njia ya mkato ya kupahesabu pako mahali ambapo hukupanunua ni kupatolea jasho.

Wapo wanaoukataa mpango wa maua kwa kuuita mambo ya kizungu. Hao wameusahau mji wa pwani. Asumini imeuzwa barabarani Mombasa, Lamu na Unguja tangu hapo kale. Kikuba cha maua kimefumwa na kuvaliwa kabla Ulaya haijaanza kushindanisha miji kwa vikapu vya maua. Hakuna harusi ya pwani iliyokamilika bila mlangilangi, mrihani na waridi. Tena hata hayo maua ya miji ya kizungu, mengine yametoka kwetu. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyesimamia wilaya ya Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kimmea cha maua ya zambarau kinachoota kwenye mawe yenye kivuli, akakipeleka kwao. Mwaka uliofuata kikapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia, na leo kizazi chake kiko kwenye mamilioni ya madirisha ya Ulaya na Marekani, huku baadhi ya aina zake za porini zikiwa hatarini kwa kukatwa misitu ya Usambara. Mmea mwingine wa Afrika Mashariki, ambao mbegu zake zilitumwa Uingereza kutoka Unguja na John Kirk, na ambao ulitangazwa kwa jina la kumheshimu Sultani wa Zanzibar, ndio impatiens inayofunika vivuli vya bustani katika miji midogo ya Marekani na Uingereza. Kwa miaka mingi ulikuwa miongoni mwa maua yaliyouzwa kwa wingi kabisa nchini Marekani. Wakazi wa miji ya mbali wanajitolea kupanda mimea ya Afrika Mashariki mbele ya maktaba zao. Mkazi wa Tanga akitaka kuipanda mbele ya soko la kwake anaambiwa anaiga wageni. Inauma.

Hoja ya kwamba hii ni kazi ya halmashauri inastahili jibu la makini zaidi, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Tunalipa ushuru wa soko, kodi ya majengo, ada ya leseni; kwa nini tufanye wenyewe? Jibu tunaweza kuliona katika jambo moja ambalo serikali yetu imelifanya kwa ukubwa. Kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka. Lengo ni jema. Lakini linalohesabiwa kirahisi ni miche iliyofukiwa, siku ya uzinduzi, mbele ya kamera. Iliyo hai baada ya kiangazi cha pili huhesabiwa kwa shida. Mche hauuawi na ukosefu wa uzinduzi. Hufa kwa kukosa mtu wa kuupitia siku ya tisa, ya ishirini na ya hamsini, na ofisi ya wilaya, hata ikiwa na nia safi, haina miguu ya kufika kila kona kila baada ya siku mbili. Mwenye duka la kona anayo, maana yuko pale tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo siwasihi wakazi wafanye kazi ya halmashauri. Nawaambia kwamba sehemu ya kazi hii, nayo ni utunzaji, haijawahi kuwa kitu ambacho halmashauri inaweza kukifanya vizuri peke yake, kama vile haiwezi kutulelea watoto ingawa inatujengea shule.

Hapa nitofautiane pia na wanaotaka kulimaliza jambo kwa amri. Hao hutaja Kigali na umuganda, ile kazi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo kila Mnyarwanda mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 65 anatakiwa kuifanya. Wanasahau kutaja kinachoonekana Kigali siku nyingine zote za mwezi: wafanyakazi, wengi wao wanawake, wanaolipwa kufagia barabara na kutunza bustani kuanzia alfajiri. Asubuhi moja kwa mwezi ingeweza kusafisha mtaro; isingeweza kuliweka hai tuta la maua wakati wa jua. Kazi ya amri ina faida zake, lakini kwa tabia yake humalizika msimamizi akishaondoka. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, katika milima ya Tanga na Kilimanjaro uliweza kuchimba mifereji na kutengeneza njia kwa sababu kila aliyeshika jembe alijua maji yatapita shambani kwake. Maua yanayohitaji mkono wa kila siku yanamtaka mtu aliyekuja kwa hiari, hata kama watu wa namna hiyo ni kumi tu katika mji wa watu elfu thelathini. Kumi wanatosha kuanzia kona moja.

Yanabaki mambo ya mbuzi, maji na mikono ya watoto, ambayo hutajwa kama vikwazo visivyopitika. Mbuzi huamuliwa siku ya kuchagua mimea. Vinka, mmea wa asili ya Bukini unaoota mpaka kwenye nyufa za saruji, una sumu na mbuzi hauhangaikii. Huohuo ndio uliozaa dawa za kutibu saratani ya damu kwa watoto. Adenium, lenye shina nene na maua mekundu, ni la nyika zetu wenyewe, linavumilia ukame na utomvu wake hauliki. Bogainvilia inajilinda kwa miiba. Aanzaye na nyasi za kifahari na mawaridi ya chumbani ndiye atakayeshindwa, kisha mji mzima utasema maua hayawezekani hapa. Maji nayo ni suala la kalenda. Mkoa wa Tanga una masika kuanzia Machi na vuli kuanzia Oktoba. Mche ulioingia ardhini mvua za kwanza zikishalainisha udongo, ukafunikwa matandazo ya majani makavu, unakuta kiangazi umekwisha kushika mizizi. Liko hata onyo la afya ambalo wapenda bustani hulipuuza: matairi yaliyopakwa rangi na makopo yasiyotobolewa hutuamisha maji, na humo huzaliana mbu wanaoeneza dengi, ugonjwa uliosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Tairi lijazwe udongo hadi ukingoni na kutobolewa chini, au liachwe. Lantana pia, kwa rangi zake zote, isipandwe. Ililetwa kama ua la bustani na sasa inameza malisho na kingo za misitu.

Kuhusu watoto na wachumaji, nawaomba wapinzani wafikirie upya kama kuchuma ni hasara. Mwaka 2008, katika mji mdogo wa Todmorden kaskazini mwa Uingereza, wakazi waliojitolea walianza kupanda mboga na viungo mbele ya kituo cha polisi, kwenye kituo cha treni na pembeni ya kituo cha afya, wakiwa na kanuni moja kwamba yeyote apitaye achume. Huwezi kuibiwa ulichokwisha kukitoa. Sisi tuna mimea inayoingia katika desturi hiyo bila kulazimishwa: asumini kwa wafuma vikuba, mrihani, mchaichai kwa chai ya jioni. Tuta lililopandwa ili lichumwe, lenye mama wawili watatu wanaopata kikuba cha kuuza, litakuwa na walinzi wengi kuliko lililozungushiwa seng'enge. Hapo hata ile kauli ya kwamba maua hayaliwi inapungukiwa nguvu.

Hoja moja tu naiogopa, na kwa bahati mbaya ndiyo isiyotajwa sana mikutanoni. Kupendezesha mji kumetumika kuwaondoa maskini mjini. Mwishoni mwa mwaka 2021 machinga waliondolewa kwenye hifadhi za barabara katika miji mingi ya Tanzania, na neno lililotangulia magari ya kubomolea lilikuwa mpangilio na usafi. Wapo waliopelekwa kwenye masoko yasiyopitiwa na mteja. Mahali palipo na kibanda cha mama lishe panaweza kesho kuwekwa tuta la maua, na wapita njia wakasifu. Mpango wa maua unaoanza kwa kumhamisha anayeuza ndizi ni dhuluma, na anayejitolea kuumwagilia anamwagilia dhuluma hiyo. Lakini suluhisho la hofu hii halipatikani kwa kuiacha ardhi ya wote ikiwa chafu. Uchafu haujawahi kumlinda machinga. Kila anapofukuzwa, uchafu ndio unaotolewa kuwa sababu. Njia ni kumfanya yeye kuwa mtunzaji wa kwanza. Kijiwe cha bodaboda kina vijana tangu alfajiri hadi usiku. Mama lishe ana maji ya kuoshea mchele na mboga, yasiyo na sabuni, ambayo tuta linayahitaji. Muuza miche wa barabarani anaujua udongo wa mji kuliko bwana shamba yeyote aliyehamia mwaka jana. Hao wakiwa ndio waliopanda na ndio wanaotunza, atakayekuja kuwafukuza kwa jina la usafi atakuwa anawafukuza waliousafisha mji, na hilo ni gumu zaidi kulitetea kwenye baraza la madiwani.

Ndiyo maana masharti ni sehemu ya hoja yangu. Kujitolea kusigeuke njia ya halmashauri kumwachisha kazi mfagiaji aliyekuwa analipwa. Pale palipo na mshahara, mshahara ubaki, na wakazi waongeze juu yake. Kabla ya jembe la kwanza, kikundi kiandike barua na kidai majibu ya maandishi. Barua ya kwanza iombe kibali cha kupanda: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa ziko chini ya TARURA, na hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati; anayepanda bila kibali atang'olewa na greda, na atakuwa amewapa wabishi ushahidi walioutafuta. Barua ya pili iombe bomba moja, lenye mita inayolipwa na halmashauri, karibu na soko au stendi, litakalotumiwa pia na wachuuzi kunawia na kunywa. Ya tatu iombe siku maalumu ya gari la taka, isiyobadilishwa kwa simu. Na ya nne iweke wazi kwamba hakuna meza, kibanda wala genge litakaloondolewa ili kupisha tuta. Diwani akikubali matatu ya kwanza na kukataa la nne, kikundi kikatae yote, kikaendelee na asumini kwenye baraza za nyumba zao mpaka kikao kijacho cha baraza, kisha kirudi na barua ileile, safari hii ikiwa na saini za mama lishe na vijana wa bodaboda.